Maziwa ya Msengi

Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusini nililia. Ilikuwa kijijini kwetu Kinampanda, miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeanza kumwagwa mnadani, na mama alikuwa ameninunulia kaptura ya buluu ambayo ingetosha watoto wawili na mbuzi.

Wengi wetu hatukuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alipima umri kwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili, umekua, unaandikwa. Nikanyoosha. Nikanyoosha mpaka shingo ikalia. Kichwa changu siku hizo kilikuwa kikubwa kama debe la alizeti, na mkono ukaishia utosini. Mwalimu akasema nirudi mwakani.

Nyuma yangu alisimama mdogo wangu Msengi, aliyekuja kunisindikiza tu, mikono na miguu mirefu kama korongo. Akajaribu kwa mzaha. Akashika sikio, na mkono ukabaki wa kusalimia watu. Akaandikwa yeye.

Kaptura ikaenda kwake. Ikamkaa kana kwamba fundi alimpima.

Wivu ule, mwanangu, ulikuwa kaa la moto tumboni. Jioni Msengi anaimba a, e, i, o, u mbele ya wageni, baba anacheka kwa raha, na mimi kutwa nzima nimewaimbia mbuzi irabu hizohizo kwa hasira. Nikaanza kuning'inia kwenye tawi kila asubuhi ili mkono urefuke. Lililorefuka ni tawi.

Hapo nikapata akili mbaya. Nilimwambia Msengi kwamba mwanafunzi akinywa maziwa mikono hurudi ndani, na mwalimu akimpima tena atamfukuza. Aliniamini, maana mimi ni kaka yake. Ikawa kila jioni ananipa kikombe chake kwa siri, nami nakunywa vyote viwili, kisha najipima sikio. Nilitaka kukua kwake kuhamie kwangu.

Ilikuwa miezi ya kabla ya mavuno, ugali mdogo, maziwa ndiyo yaliyotushikilia. Msengi akaanguka mstarini shuleni, akaletwa nyumbani mgongoni mwa mtu. Alipopewa maziwa akayakataa huku analia. Bibi yetu, mama yake baba, akambembeleza mpaka akasema yote.

Nilisubiri fimbo. Bibi akaniita, nikampa shikamoo, akachelewa kuitikia. Kule kuchelewa kuliniuma kuliko fimbo.

"Mkumbo," akasema, "wewe ulitembea meno hata hayajatimia. Huyu, wenzake wanakimbia, yeye bado anasota kwa makalio. Mama yenu alilia, akidhani amezaa kilema. Unajua aliyemsimamisha ni nani?"

Nikasema sijui.

"Ni wewe. Ulimshika mikono ukamtembeza uani, akianguka na wewe unaanguka. Hakuna aliyekutuma. Leo katangulia hatua moja tu, unamnywea maziwa yake?"

Nikachukua kikombe changu nikampelekea Msengi, nikamwambia nilimdanganya, nikapiga funda moja kwanza, nikanyoosha mikono aione. Akaitazama kwa muda mrefu, kulia na kushoto. Ndipo akanywa.

Mwaka uliofuata nililishika sikio, nikaandikwa. Tulipobalehe, sauti yangu ndiyo iliyotangulia kuwa nzito, nikawa nanguruma kama lori la wanunuzi wa alizeti, na Msengi akawa anajinyoa kidevu kitupu akitafuta ndevu. Sikumcheka. Haya, nilimcheka kidogo, kisha nikamficha wembe asije akajikata.

Sasa wewe, mwanangu, najua unajipima na wenzako. Mmoja kaota kifua, mwingine kakurefukia ghafla, mwingine kaitwa mtu mzima na wewe bado unatumwa dukani. Wivu ukija, usiupe kikombe cha mwenzako. Kila mwili una msimu wake wa kusota, wa kusimama na wa kukimbia, na ukimnyima mwingine wewe huongezeki hata ukucha. Aliye nyuma mshike mkono. Aliye mbele mwache aende, njia haijai. Kukomaa ni kuweza kumtazama mwenzako akikua, na wewe ukalala usingizi.

Mungu akukuze taratibu na vizuri, akupe mifupa migumu na moyo laini, na ndugu zako wakue nawe mpaka wote mzeeke mkigombania kiti cha kivulini. Amina.