Salamu za Bibi kwa Watu wa Moscow

Jumamosi iliyopita nilitoka Edmonton kwenda Thornton Heath, safari ya kuikata London nzima, eti nafuata mihogo. Kana kwamba Edmonton mihogo haipatikani. Ukweli ni kwamba siku hizi kukaa siwezi. Nikifungua habari ni makombora, nani anayo, nani kamtishia nani, na mambo haya yakianza mimi miguu huniwasha. Nazima simu, naiwasha, nasimama, napika chai nisiyoinywa. Bibi yangu mzaa mama aliniita kiguu na njia tangu sijaota meno ya pili, na sijapona. Basi mihogo nikainunua, lakini miguu ikanipeleka mtaa wa nyuma ya stesheni, mbele ya nyumba ambayo zamani mama alipanga chumba cha juu. Mlango sasa umepakwa rangi ya kijivu. Nikasimama hapo na mfuko wangu mpaka mwanamke mmoja akafunua pazia kuniangalia, nikaondoka.

Ngoja nikueleze kwa nini mlango ule unanitia kiwewe, rafiki yangu, maana wanangu nikiwaeleza hucheka, halafu hunijibu kwa Kiingereza.

Nililelewa Tanga, kwa bibi, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Mama alikuwa Uingereza anasomea unesi. Aliondoka nikiwa mdogo, hata sura yake sikuishika vizuri, na aliondoka kwa ugomvi. Bibi hakutaka aende. Siku ya kuagana, kama walivyosimulia majirani, bibi alijifungia jikoni hakutoka, akasema tu maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo jina la mama halikutajwa nyumbani. Barua zake zilikuja, za karatasi nyepesi ya buluu, na kwa kuwa bibi hakujua kusoma, alisomewa na jirani yetu mwalimu. Bibi alisikiliza huku akipepeta mchele, na barua ikiisha akasema ahsante mwalimu, basi. Jibu hakupeleka hata siku moja. Mimi nilizikusanya bahasha chini ya godoro, na anwani iliyoandikwa nyuma nikaikariri kama sura za chuoni: namba ya nyumba, mtaa, Thornton Heath, London.

Sasa mwalimu huyo alikuwa mtu wa Moscow. Hakuwahi kufika, lakini aliwaandikia watangazaji wa idhaa yao ya Kiswahili, nao wakampelekea kalenda, beji za kubandika shatini na magazeti ya karatasi inayong'aa. Nusu ya darasa letu tulivalisha madaftari jalada la magazeti hayo. Daftari langu la hesabu lilikuwa na trekta na wasichana wanaocheka katikati ya ngano. Mwenye duka la pembeni yeye alikuwa mtu wa London, haamini jambo mpaka London iseme. Jioni zikawa redio mbili zinabishana juu ya uchochoro mmoja, na sisi katikati, unga wa vitumbua vya kesho unaumuka kwenye beseni, betri za redio yetu zimeanikwa juani mchana kutwa zipate uhai. Bibi alisikiliza za pande zote. Upande hakuwa nao, alikuwa na nazi za kukuna.

Jioni moja mtangazaji wa Moscow alisema Wamarekani wanaleta makombora yao Uingereza, na kwamba ya Moscow nayo hayakulala. Bibi akaacha kukuna. Akamwuliza mwalimu, aliyekuwa barazani kwetu anakunywa kahawa, kama London imo katika za kupigwa. Mwalimu akajibu, kwa fahari ya mtu anayejua, kwamba London ni katika za mwanzo. Bibi aliinuka juu ya mbuzi, akaingia ndani, nazi imebaki nusu kifuuni. Mimi nikabaki pale roho juu juu.

Asubuhi yake akanitaka nimtolee bahasha moja chini ya godoro. Kumbe alijua. Akafunika sahani ya vitumbua, akajitanda kanga, tukaenda kwa mwalimu. Akaweka sahani, akaweka na bahasha.

"Waandikie watu wako," akamwambia. "Waambie hapo anakaa mwanangu."

Mwalimu akacheka kidogo, akamweleza kwa adabu kwamba haya ni mambo ya mataifa makubwa, kombora halichagui nyumba ya fulani wala ya fulani.

"Ni kwa sababu hawajapata wa kuwaambia," bibi akasema. "Mtu akijua mlango una mwenyewe, huona haya. Andika."

Akaandika, angefanyaje? Bibi mtu mzima anawasalimu watangazaji na wakubwa zao, na anawajulisha kwamba binti yake yupo nyumba namba fulani, Thornton Heath, ni muuguzi, hana ugomvi na mtu.

Nilirudi nimefurahi, nikaruka kamba uchochoroni. Furaha yenyewe iliishia dukani. Mwenye duka aliposikia alijishika kichwa, akasema kwa sauti ya mtaa mzima kwamba bibi kafanya kazi ya majasusi, kawapa anwani, sasa wanajua pa kupiga. Alikuwa anatania, lakini hilo nimelijua ukubwani. Usingizi ukanipaa. Nikitumwa maji narudi na ndoo nusu, nikigeuza vitumbua naungua vidole, na kila jioni nimetega sikio kwa Moscow nisikie kama tayari wamempiga. Nikamsihi bibi tuwaandikie tena, tuseme mama amehama. Akanikata jicho, akaniuliza afiche nyumba ya mwanawe kwani kaiba.

Na Moscow walijibu, wallahi. Ilikuwa jioni ya mvua, kipindi cha salamu za wasikilizaji. Mtangazaji, kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka kuliko chetu, akamshukuru bibi wa Tanga, akasema salamu zimefika, na wao wanamtakia binti yake afya njema huko London. Mwalimu alitoka uani na kikombe chake anachekelea. Bibi akasema, "Wamesikia," akaenda kulala. Mimi nilikesha, maana sasa ilikuwa hakika, anwani wanayo.

Mwaka uliofuata mama akanitumia tiketi. Bibi alinifungia kashata, akanisuka nywele akazikaza mpaka macho yakavutika, lakini salamu za kumpelekea mama hakunipa. Nilipofika uwanja wa ndege nikapokewa na mwanamke mgeni, koti zito, mikono inanukia dawa ya hospitali. Tukapanda treni, kila mtu anatazama dirisha lake. Mtaani nikasoma jina ukutani, kisha namba mlangoni, miguu ikagoma. Mama kafungua mlango, ananibembeleza, ananivuta, mvua ile nyembamba inatuloanisha, mimi siingii. Akaniuliza kama bibi ndiye aliyenifundisha nimkatae.

"Siyo wewe," nikamwambia. "Ni nyumba. Moscow wanaijua."

Nikamweleza yote huku meno yananigongana, redio, vitumbua, bahasha, maneno ya bibi kwa mwalimu. Mama akakaa kitako kizingitini na koti lake, mlango wazi nyuma yake, mwenye nyumba analalamika huko ndani kwamba joto linatoka. Hakucheka.

"Alisema mwanangu?" akaniuliza. "Kwa mdomo wake?"

Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, nikasema tena. Miaka yote ile alidhani bibi amekwisha kumfuta. Akalia pale mlangoni kwa sauti, wapita njia wakageuka, na mimi kwa kukosa la kufanya nikampita nikaingia ndani mwenyewe.

Alipopata likizo alikwenda Tanga. Bibi alimtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Umekonda. Lakini hawakukupiga." Kisha akamsogezea mbuzi akune nazi. Mama hakuchoka kunisimulia hilo mpaka alipofariki, na kila akifika kwenye nazi alishindwa kumaliza.

Wote hawapo sasa, bibi, mama, mwalimu na kalenda zake. Idhaa ile ilinyamaza, hata nchi yenyewe ilivunjika. Sikudanganyi kwamba zama zile zilikuwa nzuri, nani anaitamani foleni ya sabuni? Lakini walikuwepo watu upande wa pili, wakizungumza lugha yako, ukiwapelekea salamu wanazisoma, na bibi mtu mzima aliweza kulala. Nikirudi Edmonton Jumamosi ile, ndani ya basi, binti yangu aliniandikia kwenye simu: mama, eti vita vikija vitafika mpaka huku? Nikaandika jibu nikalifuta, nikaandika jingine nikalifuta. Nilitaka kumwambia nitawaandikia, nitawapa anwani yetu wajue kwamba hapa anakaa mwanangu. Nimekaa siku zote hizi natafuta wa kumwandikia, na simpati.