Mama Koki na Ramani ya Ofisi Tatu

Kazi ya Mama Koki ilikuwa kufungulia watu maji, mji mzima wa upande wa chini. Kila siku, jua halijachomoza, alitoka na ufunguo wake wa chuma uliomfika kifuani, akafunga koki za mitaa iliyopata maji jana na kufungua za mitaa yenye zamu leo. Koki zenyewe zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, zote chini ya ardhi, nyingine zimefukiwa na mchanga, nyingine zimepigwa lami juu. Hakuna aliyejua zote zilipo ila yeye. Hatua kumi na moja kutoka nguzo ya kona, upande wa kinyozi. Hatua sita kutoka mlango wa saluni, ngazi usihesabu.

Alizijua kwa sababu alizitembelea miaka kumi na tisa, na hakumwambia mtu kwa sababu hakuwa mjinga. Miaka yote hiyo alikuwa kibarua wa miezi mitatu mitatu. Waliokuja na vyeti walimpita, wakapewa viti vinavyozunguka. Siku ofisi ya maji itakapojua koki zilipo, aliamini, itamwambia asante mama, nenda nyumbani. Na ukiijua ile ofisi, huwezi kumlaumu.

Shida ililetwa na simu. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Mumewe ni dereva wa malori, leo yupo kesho hayupo.

"Mama, utakuja?"

"Nitakuja mwanangu."

"Unasema hivyo kila mwaka."

Na kweli alisema hivyo kila mwaka. Mwaka uliopita homa ilimlaza siku tisa tu, mitaa minne ikakaa kavu. Watu walimfuata mpaka kitandani na ndoo zao, kana kwamba maji yanatoka puani mwake. Siku zile alijiona mtu wa maana. Sasa alijiuliza: mwezi mzima amwachie nani? Akimfundisha mtu, kazi imekwenda. Asipomfundisha, binti atajifungua na majirani.

Wiki hiyohiyo bosi wa maji akamwita kwenye mkutano wa manispaa. "Ukae tu. Ukiulizwa, ujibu."

Chumba kilikuwa na meza ndefu na feni inayolalamika. Ofisi tatu, ya maji, ya barabara na ya umeme, baada ya miaka ya kukatiana mabomba na nyaya, zilikuwa zimekubali kuweka ramani zao pamoja. Mpima wa manispaa, dada mmoja ambaye Mama Koki alimpenda papo hapo kwa sababu viatu vyake vilikuwa na vumbi, akaziwasha ukutani, moja juu ya nyingine. Barabara nyeusi, nyaya nyekundu, mabomba ya bluu.

Rangi ya bluu ilipita katikati ya nyumba za watu.

Bwana wa barabara akacheka mpaka akavua miwani. "Jamani ndugu zetu wa maji, hili bomba lenu kuu linapita chini ya kitanda cha nani?"

Bosi wa maji alivimba. "Ramani yetu haina kosa. Imeandikwa, mita mbili kutoka ukingo wa barabara."

"Basi vizuri. Jumatatu tunaleta mtambo wa kijiko kuchimba mtaro kando ya lami. Kama bomba liko vyumbani kwa watu, hatutaligusa."

Mama Koki aliuma ulimi. Akauma tena. Ulimi ukamshinda.

"Ukingo upi?"

Wakamgeukia wote.

"Nauliza, mita mbili kutoka ukingo upi? Bomba lilizikwa barabara ikiwa nyembamba. Nyinyi mkaja mkaipanua mita mbili upande ule. Ukingo ukahama. Bomba halikuhama, halina miguu. Sasa hivi liko chini ya ukingo wenu mpya, palepale mnapotaka kupeleka kijiko."

Bosi wa maji akaitazama upya ramani yake.

"Una uhakika, mama?" aliuliza bwana wa barabara, miwani mkononi.

"Chimba kwa sululu kwanza, halafu uniulize hilo swali."

Walikwenda saa ileile. Alihesabu hatua zake kutoka kwenye nguzo, midomo ikicheza, akasimama ukingoni mwa lami na kuchora msalaba kwa kisigino. Vibarua wawili wakachimba. Shimo lilipofika magotini, sululu ikagota. Koki ikatoa kichwa, na bomba nyuma yake. Bwana wa barabara alilitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu alichokuwa anataka kukivaa.

Mpima akachutama na kipimio chake, akaliweka bomba kwenye ramani. "Moja," alisema. "Zimebaki mia mbili na kumi na moja. Utatuonyesha, mama?"

"Nitafikiri."

Jioni alimweleza wifi yake, dada wa mumewe, mshonaji aliyekaa nyumba ya pili na kujua habari za nyumba zote.

"Ukiwapa hizo koki, wifi, utabaki na nini? Hicho chuma ukifanye mkongojo?"

"Nitakutandika nacho wewe."

"Nitandike, lakini usiwape. Kaka yangu akikukuta nyumbani kutwa nzima atatoroka."

"Kaka yako hajui hata chumvi inakaa wapi. Atafika wapi?"

Walicheka, lakini usingizi haukuja kirahisi.

Asubuhi bwana wa barabara alimkuta kwenye koki ya sokoni, akizungusha ufunguo. Alikuja kushukuru, na kwa shingo upande alishukuru kweli. Kisha akasema, "Sisi tulikuwa na mzee wetu aliyejua makalvati yote, yale mabomba ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara. Hakumwonyesha mtu. Akastaafu, akaondoka nayo kichwani. Mpaka leo tukigonga kalvati, tunamtukana."

"Na kabla hajastaafu, mlimpandisha cheo?"

Bwana wa barabara alifikiri. "Hapana."

Maneno hayo yalimkaa Mama Koki siku nzima. Kumbe yule mzee alificha, na bado hakupata kitu. Alichoambulia ni kutukanwa. Yeye naye kaficha miaka kumi na tisa: ameajiriwa? Na binti anahesabu wiki.

Akampigia mpima. "Nitawaonyesha. Lakini natembea mwenyewe, na kila koki iandikwe nani kaionyesha. Sitaki mtu wa kiti aje kusema aliiota."

Walitembea siku kumi na mbili. Mpima alipima, Mama Koki alisema. Hii inafungwa mizunguko kumi na minane. Ile ya kwa fundi viatu inafungwa kinyume, ukilazimisha utabaki na shingo yake mkononi. Na nguzo hii ya umeme, ile ramani yao imeiweka upande mwingine wa njia, waambie. Siku ya mwisho msoma mita wa ofisi ya maji, mtu mzima mwenye kitambi na roho nzuri, alipewa ramani kwenye simu na ufunguo, akafungua mtaa mzima bila kuuliza. Mama Koki alisimama kando. Mikono haikujua ikae wapi.

Aliomba ruhusa ya mwezi. Bosi wa maji akatazama karatasi. "Mkataba wako unaisha ukiwa huko."

"Najua."

"Siahidi kitu."

"Hujawahi," alisema, akaenda kufunga mizigo.

Kwa binti yake, asubuhi ya kwanza aliamka giza bado lipo na hakuwa na pa kwenda. Alivumilia mpaka saa mbili, akampigia wifi.

"Maji yametoka?"

"Yametoka tangu alfajiri. Kwani uko wapi?"

Hata wifi, na ule udaku wake wote, hakukumbuka kwamba ameondoka. Mama Koki alikata simu, akanuna, akaosha vyombo visivyo na uchafu. Binti alimtazama akishika tumbo. "Nani kakuudhi?"

"Hakuna. Ndiyo ubaya wenyewe."

Mtoto alikuja siku ya sita, msichana, sauti kama honi ya lori la baba yake. Mkataba ukaisha siku ya kumi na moja. Simu ya bosi ikaja siku ya kumi na nne.

"Mama, habari za huko? Sikiliza. Watu wa barabara wameandika barua. Wanataka yule aliyeandikwa kwenye ramani awasaidie kutafuta makalvati yao. Watu wa umeme nao wanakuulizia, kwa ajili ya nguzo. Nimewaambia wewe ni mtu wetu." Akakohoa. "Nina mkataba hapa mezani. Wa mwaka mmoja. Ukirudi wiki hii tunasaini."

Mama Koki alimweka mjukuu bega la pili. Mwaka mmoja haukuwa ajira ya kudumu, lakini uliizidi miezi mitatu mara nne, na hesabu hiyo aliijua vizuri.

"Ruhusa yangu bado ina wiki mbili," alisema. "Nitasaini nikirudi. Na hao wa barabara waambie waanze kutafuta wenyewe kidogo, itawasaidia."