Chai ya Nahodha

Edna Birkett alikuwa na miaka sabini na moja, na kila Jumamosi alipanda basi dogo la klabu kwenda kukimbia mbio za milima ya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Jumamosi hiyo, walipofika chini ya mlima, nahodha wa klabu, Craig, alimzuia mlangoni mwa basi asishuke.

"Bi Edna, leo juu kuna ukungu. Baki hapa utuchemshie chai."

"Chemsha mwenyewe. Mikono si unayo?"

Akakaza kamba za viatu, akahakikisha dira na filimbi zimo mkobani, akaanza mbio akiwa wa mwisho kama kawaida yake. Kileleni ukungu ulikuwa mzito hata mtu haoni vidole vyake. Wenzake walifanya kosa lao la kila siku ya ukungu: kila mmoja alifuata mgongo wa aliye mbele, na wa mbele kabisa hakujua aendako. Edna hakuwa na mgongo wa kufuata. Alitoa dira, akateremka kwenye matope huku akiwalaani wote wanaodhani uzee ni ugonjwa.

Klabu nzima ilitokea bonde jingine, ikarudi kwa kuzunguka barabarani, imelowa chapachapa. Ikamkuta Edna ameketi kwenye ngazi ya basi, namba ya mbio ingali kifuani, matope hadi magotini.

"Umepita njia ya mkato, wewe!" Craig akafoka.

"Kileleni nimefika, muulize msimamizi wa huko juu aliyeandika namba yangu." Akamsukumia kikombe. "Chai yako hiyo, nahodha. Nimekusubiri mpaka imepoa."