Wamama wa Chama Walivyopalilia Msitu

Mama alinipea mchana mmoja tu. Wamama wa chama chake walikuwa wanatafuta mahali pa kutembea Desemba, na mimi tangu nimalize form four nataka kazi ya kuongoza wageni. Wakipenda park yenye nimewachagulia, ningeachwa nijaribu. Wakikataa, Jumatatu naenda Kamere kwa binamu yangu kukata maua kwa kampuni. Binamu alikuwa ashaniongelea. Hata gumboots alikuwa amenitafutia.

Park yenyewe iko juu ya Ndabibi, msitu wa mvua wenye watu wamesahau. Nilienda huko na shule nikiwa class seven, nikaona maji ikianguka kutoka juu kwa mawe, nikajua siku moja nitaleta watu. Sikufikiria kwenda kwanza kuangalia kama njia bado iko.

Geti tulipata imefungwa na waya. Bango ya kuonyesha njia ilikuwa imeanguka, mtu akaifanya benchi. Askari alitoka kwa kibanda na redio yake, akaangalia wale wamama na sufuria zao.

"Poleni, mathe," akaambia chairlady. "Huku hakuna matanga."

"Tumekuja kuona park," nikasema.

"Gani? Hii?"

Chairlady alikuwa na panga. Askari akasema hiyo haiingii. "Ni ya nyama," chairlady akasema, akafunua sufuria amuonyeshe nyama choma yenye tulinunua Kikopey. Panga ikabaki kwa kibanda, na mbavu mbili zikabaki pia.

Nilitembea mbele haraka, maanake mawingu ilikuwa inashuka. Tukavuka daraja ya mbao, na hapo njia ikaisha. Mbele ilikuwa thabai tupu, ile majani ya kuwasha, imefika kiuno.

"Sasa mwalimu," mmoja akaniuliza, "maji iko wapi?"

"Iko mbele."

"Mbele ya nini?"

Wakacheka. Mama hakucheka. Aliniangalia tu, na mimi nikaona Kamere yote.

Nikawaambia tuzunguke na pale kando. Hakuna mtu alinisikia. Chairlady alikuwa ashavaa karatasi ya mkate kwa mkono. Akainama, akang'oa thabai na mizizi yake, akatupa. Akang'oa ingine. Chama chao kilianza na kulimiana mashamba kwa zamu, na hao watu hawawezi kusimama mbele ya magugu mikono ikiwa mfukoni. Kidogo kidogo wakajipanga laini, wengine wamefunga mikono na leso.

"Auntie, tafadhali, mvua inakuja," nikamwambia chairlady.

"Wewe umetuleta kwa shamba chafu, unataka tupite tu? Shika hapo."

Nikashika. Iliniwasha mpaka kwa kiwiko. Askari alikuja akasimama hapo, eti anahakikisha hatung'oi miti. Baadaye akaweka redio kwa kisiki, akaanza kung'oa pia. Juu yetu mbega mmoja na shali yake nyeupe alikuwa anaangusha matawi.

"Huyo ndiye nyapara," mmoja akasema. "Anaona mnazembea."

Nilikuwa nahesabu mawingu. Halafu Mama akainua mkono.

"Nyamazeni. Ni nini hiyo?"

Ilikuwa maji. Haionekani, lakini ilikuwa inanguruma huko chini ya miti, karibu kabisa. Tukasimama hivyo na mikono chafu, tukisikiliza. Kisha mvua ikatupata, tukakimbia chini ya mti mkubwa, tukakula nyama na viazi na mikono yenye inawasha.

Chairlady akafuta mdomo. "Mwezi ujao zamu ni ya shamba ya nani?"

"Yangu," Mama akasema. "Viazi."

Ile viazi yetu magugu imeimeza, na alikuwa amengoja hiyo zamu tangu mvua ianze.

"Ingoje," Mama akasema. "Tukuje tumalize hapa kwanza. Siwezi sikia maji hivyo na nisiione."

Tukarudi kwa geti tumelowa, tukipita njia yetu wenyewe. Niliona heri niulize mara moja.

"Na Kamere?"

"Kwani ukienda, nani atatuonyesha hayo maji?" Mama akanipa sufuria nibebe. "Na kesho uamke mapema. Zile viazi, sasa utapalilia wewe."