Jiwe la Mtoto wa Kirumi

Makoti ya sufu yaliyolowa mvua hunuka kama kondoo, na harufu hiyo ndiyo iliyotupokea kwenye jumba la makumbusho, katikati ya Stockholm, vuli ile nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, na darasa la Kiswidi la mama yangu, watu wazima kutoka kila pembe ya dunia, lilialikwa kutembezwa nusu saa kwenye mabaki ya Warumi. Walioona vyema waliruhusiwa kuja na watoto. Mama alinitoa Rågsved, kitongoji tulichoishi, asubuhi, kanipaka mafuta usoni hadi nang'aa, kanivika nguo za kanisani. Mimi nilikwenda kwa kazi yangu ya siku zote, ukalimani. Nilimfasiria mama kwa daktari, nikamfasiria benki, nikamfasiria hata kwa mwalimu wangu alipokuja kunishtaki, na siku hiyo, nisiwafiche, tafsiri yangu ilikuwa njema kuliko mwenendo wangu.

Aliyetutembeza alikuwa mzee mmoja mwembamba, mpole, aliyesema Kiswidi polepole kwa ajili yetu. Alituonyesha taa na mitungi ya udongo, chupa za kioo zilizogeuka kijani, na kigae cha paa ambacho mbwa alikikanyaga kingali kibichi, alama ya unyayo ikabaki. Mama alifurahi mno. "Mutungi kama ile hata kwetu Uvira iko," aliniambia kwa sauti, akicheka, nami nikamvuta mkono anyamaze.

Kisha tukafika kwenye jiwe. Lilikuwa dogo, kimo cha kiti, na juu yake palichongwa mtoto aliyeshika ndege. Mzee akateremsha sauti. Alisema ni jiwe la kaburi, kwamba wazazi waliandikisha jina la mtoto wao na umri wake: miaka miwili, miezi minne, siku kumi na moja. Walimwomba kila apitaye alitaje jina lile, ili lisipotee. Mzee akalitaja. Mama akanigeukia. "Banaandika nini pale?"

Hapa sina budi kueleza. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Tulipokuwa tunakimbia vita alishikwa na homa njiani, akafa, akazikwa kando ya shamba la viazi, nasi tukaendelea na safari siku ileile. Nyumbani kwetu hakutajwa. Mama alimlilia mara moja tu nilivyojua mimi, kwenye matanga ya mtu mwingine kule Fisksätra, kitongoji kingine cha jiji. Alilia kama wanawake wa kwetu wanavyolia, mikono kichwani, akijitupa chini, akiita, hadi majirani Waswidi wakafungua milango kuchungulia. Niliona aibu siku ile, na aibu hiyo ilikuwa bado mbichi moyoni. Basi nikamtazama mlinzi mlangoni, nikamtazama mwalimu wake, nikaitazama sakafu ile inayong'aa. Nikamjibu kwa Kiswidi chepesi, kama sisi watoto wa wageni tulivyozoea kuwajibu wazazi wetu, kwamba ni majina ya wafalme tu. Mama akaitikia kwa kichwa. Alibaki mbele ya lile jiwe wakati wenzake wameshakwenda kutazama sarafu, na nikamwita mara mbili ndipo akaja.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini mimi nilijiona najua zaidi. Nimekaa na uongo ule miaka mingi. Sasa ukalimani ndio kazi yangu, naufanya hospitalini, na hairuhusiwi kupunguza neno hata moja, hata neno la kifo. Kila ninapolisema neno hilo nikimtazama mama wa mtu usoni, namkumbuka wangu, nami naumia.

Majira ya baridi yaliyopita nilimwambia. Amezeeka, magoti yanamsumbua, tulikuwa jikoni kwake tunachambua maharagwe. Nilitarajia hasira. Hakuacha kuchambua. "Nilijuaka ni mtoto," alisema. "Nilionaka ndege yake. Niliona na wewe vile unaogopa, nikanyamaza." Kisha akaniuliza yule mtoto aliitwa nani, na jina sikulikumbuka. Nilikabidhiwa mimi, kwa masikio yangu, nikaliacha lianguke. Maji yakimwagika hayazoleki. Umri niliukumbuka, nikamwambia: miaka miwili, miezi minne, siku kumi na moja.

Mama akaweka sinia kando, akaanza kuhesabu kwa vidole umri wa mtoto wetu aliyefia njiani. Miaka aliipata. Miezi aliipata, akairudia kuhakikisha. Kwenye siku akasita. Akauliza ni Jumapili gani tuliyotoka nyumbani, na tulilala mara ngapi msituni, na mimi nilikuwa na miaka mitano wakati ule, ningejua nini? Warumi wale walikufa karibu miaka elfu mbili iliyopita, na mtu yeyote anayepita Stockholm anaweza kuambiwa mtoto wao aliishi siku ngapi. Mama akabaki na kidole kimoja hewani.

"Siku," alisema, "siku miye sijue."