Kilio Kisicho na Maiti

Niliondoka Lupiro kwa hasira. Tangu niolewe, kila nikifungua mdomo kuimba naambiwa, "Katika nyumba hii hatuimbi." Mimi niliyekuwa nikianzisha nyimbo shuleni! Basi tuliposikia kanisani kuwa bibi mmoja wa Kihispania, mgeni wa daktari wa Ifakara, atawafundisha wanawake kuimba na kucheza kwa mtindo wa kwao, anayejua na asiyejua, nikasema nakwenda. Mume wangu akakubali kwa sharti kwamba mama yake anisindikize, ambebe mwanangu Tito. Yaani nilindwe.

Njiani hadi mtoni mama mkwe alitangulia, mtoto mgongoni. Pantoni ilikuwa ng'ambo, tukaingoja juani. Nilipomaliza kumnyonyesha Tito, akasema tu, "Usije ukatuaibisha huko."

"Mama, naenda kuimba, siendi kuiba."

Ifakara tulikusanyika katika darasa lililotolewa madawati. Mama mkwe akakaa nje, kivulini, na mtoto. Tulianza na miguu. Bibi alipiga visigino hadi vumbi likaruka, nasi tulio peku tukampigia makofi. "Huyu anatwanga bila mchi!" akasema muuza vitumbua mmoja, tukacheka. Bibi alifundisha kwa Kiingereza, nami nilikijua peke yangu, nikawa mkalimani. Kichwa kikavimba.

Mchana likaja la sauti. Bibi alisema nyimbo zao hutoka kama kilio cha mfiwa. Alitaka kujaribu kuzichanganya na zetu, kila mmoja atoe kilio cha kwao. Nikatafsiri. Muuza vitumbua akatikisa kichwa.

"Mama Tito, hilo haliigizwi."

Nikawaona washamba. Nikafumba macho, nikatoa yowe la msiba, lile la kuita majirani.

Likawaita. Wanawake wakaja mbio, mmoja mikono ina unga, mwingine amejifunga khanga kiunoni, analia tayari. Mlango ukajaa. Bibi kizee akanishika mabega.

"Pole, mwanangu. Nani?"

Sikuwa na jina la kumpa. Na yule Mhispania anapiga makofi kwa furaha, anasema ndiyo hivyo, tuendelee! Sikumtafsiri. Ningekuwa na mchi ningemrushia, kisha nijipige mwenyewe.

Mama mkwe akaingia, mtoto mgongoni.

"Tunamlilia binti yangu," akasema. "Alifia Masagati, mvua zimekata njia. Habari zilipofika alikuwa ameshazikwa. Sijamlilia mpaka leo."

Akaketi sakafuni, akanyoosha miguu. Wanawake wakaketi naye, wakalia kweli. Bibi wa Kihispania akashusha mikono. Mimi nilisimama kama mti. Nilijua nina wifi aliyekufa kabla sijaolewa. Sikujua kuwa hakuliliwa, wala kwamba ndiyo sababu nyumba ile haiimbi.

Jioni, juu ya pantoni, sikuweza kumtazama.

"Nisamehe, mama."

"Ningekuacha pale uwajibu nini?" akasema. Tito alikuwa amelala mgongoni kwake. "Sauti unayo. Usiwaite watu bure."

Nimerudi Lupiro na jambo moja. Yowe lile si wimbo. Ukilitoa watu huacha kazi zao wakaja, na ni lazima wamkute wa kumlilia. Nililitoa ili nisifiwe.

Jumamosi mama mkwe ataweka matanga ya binti yake. Amesema mwenye kuanzisha kilio ni mimi. Nimeitikia, uso chini.