Majina Yaliyofutika Makongeni

Kavindu Mutiso alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na riziki yake ilikuwa kutengeneza kurasa za tovuti, zile sehemu mtu anazoziona na kuzibonyeza kwenye simu. Alikaa Gitothua, Ruiru, lakini alikulia Makongeni, na kanisa la huko ndilo lililomwomba awaundie daftari la waumini la kwenye mtandao. Kila nyumba ingekuwa na ukurasa wake: wazazi, watoto, na wale waliotangulia, ili Novemba majina yao yasomwe kwenye misa ya marehemu.

Daftari lilikuwa limetumika miezi mitano wakati Mzee Githae alipomsubiri nje ya kanisa Jumapili moja ya Juni. Alikuwa fundi wa mashine kiwandani Thika mpaka alipostaafu, mtu wa maneno machache. Alimweleza kwamba Machi alibadilisha namba ya simu ya kijana wake Bedan, na tangu siku hiyo jina la Ciku halionekani. Ciku alikuwa kifungua mimba wake. Alifariki akiwa na miaka tisa.

"Mami, hii vidole yangu ni kubwa," akasema. "Nafikiri ni mimi nilimfuta. Mama yake sijamwambia."

Kavindu aliomba siku mbili. Hakuhitaji hata moja.

Rekodi ya nyumba ilikuwa na vitu ndani ya vitu: ndani ya nyumba mlikuwa na watoto, ndani ya watoto kila mmoja na jina lake, simu yake, tarehe zake. Mtu alipojaza fomu, fomu ilituma kile tu alichogusa. Githae alimgusa Bedan, basi ikamtuma Bedan peke yake. Programu ya Kavindu iliunganisha ya zamani na mpya kwa tabaka la nje tu. Ilipokuta sehemu mpya ya watoto, iling'oa ile ya zamani yote na kuiweka hiyo mahali pake.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliwahi kulifikiria jambo hilo. Alikuwa ameweka onyo: jina likitaka kupotea, ukurasa ulinganishe rekodi ya zamani na mpya, kisha umuulize mtu kama kweli anataka hivyo. Lakini programu haikuunda rekodi mpya. Iliibadilisha ile ile ya zamani, kwa hiyo onyo lililinganisha kitu na chenyewe, likaona hakuna tofauti, likanyamaza.

Aliiandika upya. Sasa programu ilishuka tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lililoguswa ikalitengenezea jipya, ikibeba ndani yake yote ambayo hayakuguswa. Rekodi ya zamani ilibaki ilivyokuwa. Alijaribu kwa nyumba za kubuni mpaka akaridhika. Halafu akafungua akiba ya mtandaoni ili arudishe majina yaliyopotea, akakuta inaweka nakala za siku thelathini tu. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimeguswa kabla ya hapo, na majina yake hayakuwa na nakala.

Angeweza kutuma ujumbe. Alienda kwa miguu, akaanzia kwa Githae. Mkewe, Ngina, aliweka chai mezani.

"Guka, si wewe uliyemfuta Ciku," Kavindu akasema, akimwita babu kwa Kikuyu. "Ni mimi. Niliandika vibaya."

Githae aliinuka, akatoka nje, akasimama uani akiwapa mgongo. Ngina ndipo akajua kilichokuwa kikimsumbua mumewe miezi yote hiyo. Hakumlaumu yeyote. Alivuta kiti karibu na kompyuta ya Kavindu, akataja tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake na ile nyingine, polepole, huku akimwangalia Kavindu akiandika. Mwishowe akaomba asomewe tena.

Kwenye nyumba nyingine mambo hayakuwa hivyo. Mama mmoja alimwacha mlangoni, akamwambia kwamba mtu hapaswi kumzika mtoto mara mbili, akafunga. Kesho yake alituma majina kwa simu, bila salamu.

Nyumba ya kumi na moja haikuwa na mtu. Familia ilikuwa imehama, na majirani hawakujua ilikokwenda. Mutinda, katibu wa kanisa, alikumbuka kwamba walizika mtoto mchanga mwaka wa mafuriko, lakini jina halikumjia.

Alimshauri Kavindu apaache wazi, kwani hakuna ambaye angeuliza. Kavindu alikataa. Kwenye ukurasa wa nyumba ile, chini ya watoto wawili walio hai, aliandika: *Mtoto wa tatu. Jina linatafutwa.*

Novemba padri alifika hapo, akasoma kama ilivyoandikwa, akaendelea na nyumba iliyofuata.